Chumvi kwenye vitu vya makumbusho: brashi, boksi, maji, bandiko au kabati jipya?

Unavuta droo iliyokaa miezi bila kuguswa. Kigae kilichoingia humo kikiwa chekundu na kikavu sasa kimeota ndevu nyeupe, laini kama pamba. Unakiinua kwa mikono miwili. Kwenye karatasi iliyokuwa chini yake umebaki unga, na katikati ya unga huo kuna kipande cha rangi ya mapambo, chembamba kama gamba la kitunguu, kimebanduka chote. Ndevu utazifagia kwa dakika moja. Gamba lile halirudi tena mahali pake.

Hapo wengi wetu mkono huenda moja kwa moja kwenye kitambaa chenye maji. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza ghalani, kwa mtungi mmoja wenye shingo iliyochorwa. Niliupangusa tumboni ukatakata, nikaurudisha kwenye rafu nikijisifu. Wiki tatu baadaye ndevu zilikuwa zimerudi, safari hii shingoni, palepale penye michoro, ambapo awali hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeyeyusha chumvi, nikaunywesha mtungi, kisha nikauachia uchague pa kuitolea.

Ninazolinganisha hapa ni njia ambazo mwenye ghala huwa nazo mkononi pale weupe unapoanza kujitokeza. Msimamo wangu niuseme mapema: usichague yoyote kabla hujajua chumvi yako imetoka wapi, maana kinachoponya chumvi ya aina moja huichochea ya aina nyingine. Nitaonyesha jinsi gani.

Je, ni chumvi kweli?

Si kila weupe ni chumvi. Ukungu nao ni mweupe, na vitu vya ngozi au mbao vilivyopakwa mafuta zamani hutoa utando mweupe wa mafuta yaliyoganda. Chukua unga kidogo kwa ncha ya brashi, uweke kwenye kipande cha kioo, uutazame kwa lenzi. Ukungu una nyuzi zilizotawanyika na mara nyingi vichwa vidogo vya mbegu. Mafuta hulainika na kupotea ukiyasogeza karibu na joto la taa. Chumvi haijali taa, ila ukiidondoshea tone la maji huyeyuka, na tone likikauka fuwele hurudi. Chumvi ya kawaida hurudi ikiwa na umbo la vijiboksi vidogo ambavyo hata lenzi ya bei rahisi huvionyesha. Jasi huyeyuka kwa shida sana. Chokaa iliyoganda haiyeyuki kabisa kwa maji matupu.

Jaribio lifanyike kwenye kioo, kamwe si juu ya kitu chenyewe. Na kabla ya kufagia chochote, jaza kichupa kidogo unga huo, uandike namba ya kitu na tarehe. Ukishaufagia wote na kuutupa, umetupa ushahidi pekee wa kinachoendelea.

Imekuja na kitu, au imezaliwa kabatini?

Chumvi ya kundi la kwanza iliingia kwenye kitu kabla hakijafika kwako. Udongo na bahari huacha chumvi za kloraidi, nitreti na salfeti ndani ya vinyweleo vya vyungu, mawe na mifupa. Nyingine huingizwa na sisi wenyewe: vyungu vilivyosafishwa zamani kwa asidi ya hidrokloriki ili kuondoa ukoko wa chokaa hubaki na kloraidi ya kalsiamu tumboni, na mtungi uliozibwa kwa plasta ya jasi umebebeshwa hazina ya salfeti. Chumvi hizi hukaa kimya kitu kikiwa na unyevu wa kudumu, kisha hutoka pale hewa inapokauka na maji yanapovutwa kuelekea usoni.

Kundi la pili halikuwapo kabisa siku kitu kilipoingizwa. Mwaka 1899 Mwingereza aitwaye Loftus St George Byne aliandika kuhusu makombe ya konokono yaliyokuwa yakipauka na kumomonyoka ndani ya makabati ya wakusanyaji, naye aliwalaumu bakteria. Jina lake limebaki kwenye tatizo hilo, "ugonjwa wa Byne", ingawa si ugonjwa na bakteria hawahusiki. Mbao, na mwaloni zaidi ya zote, hutoa mvuke wa asidi ya asetiki, ile ile ya siki, pamoja na asidi ya fomiki. Mvuke huo ukikutana na kombe, ganda la yai au jiwe la chokaa, huila kalsiamu yake na kuacha asetati na fomati nyeupe. Mtafiti Van Tassel alieleza chumvi ya namna hiyo, iitwayo kalklasaiti, huko Ubelgiji mwaka 1945, ikiwa imeota juu ya mawe ya chokaa ya makumbusho yaliyohifadhiwa kwenye makabati ya mwaloni. Uchambuzi wa watafiti Tennent na Baird wa mwaka 1985 ndio uliomaliza ubishi kuhusu makombe.

Utazitofautishaje ghalani bila maabara? Fungua droo na uweke pua kabla ya macho. Harufu ya siki ni jibu. Kisha tazama majirani: kama vitu vyote vya chokaa kwenye trei moja vimeshambuliwa kwa usawa, bila kujali vilitoka wapi, mtuhumiwa ni kabati. Kama kuna kitu cha risasi (ile metali nzito na laini) karibu nacho kimeota unga mweupe, kesi imekwisha, kwa sababu risasi huliwa na mvuke huo huo. Lakini kama chungu kimoja kimeota ndevu na wenzake kumi wako safi, chumvi ni ya chungu hicho.

Kuna hali ya tatu inayokera, ambapo pande mbili zinaoana. Chungu chenye kloraidi na nitreti zake kutoka ardhini kikiwekwa kwenye kabati la mbao huweza kuota chumvi iitwayo thekotrikaiti, ambayo ndani yake kuna asetati ya kabati pamoja na kloraidi na nitreti za chungu. Fuwele zake ni nyuzi ndefu nyembamba kama nywele. Hapo ukitibu upande mmoja peke yake umefanya nusu ya kazi.

Brashi kavu

Haina mengi ya kusema. Brashi laini, mdomo wa kifyonza vumbi ukiwa umefunikwa kwa wavu na kushikwa kando, usiguse kitu. Inaondoa kilichokwisha kutoka na haigusi kilichobaki ndani. Ni salama kuliko zote mradi uso ni mgumu; ukikuta fuwele zimenyanyua rangi au glezi (tabaka la juu linalong'aa kama kioo), acha brashi, maana mara nyingi ni fuwele hizo hizo zinazolishikilia gamba lisianguke. Gamba kwanza ligandishwe na mhifadhi mwenye ujuzi, ndipo lisafishwe.

Kutuliza unyevu dhidi ya kuloweka

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo kwa chumvi ya kundi la kwanza, na ndipo watu hugawanyika.

Kila chumvi ina kiwango chake cha unyevu wa hewa ambapo hunyonya maji hadi ikawa tone, na chini ya hapo hurudi kuwa fuwele. Kwa chumvi ya kawaida kiwango hicho ni karibu asilimia 75. Nitreti ya potasiamu ni zaidi ya 90. Kloraidi ya magnesiamu ni karibu 33 tu, ndiyo maana vitu vyake huonekana vimelowa hata siku ambayo wewe midomo inakupasuka. Salfeti ya sodiamu ina ubaya wake wa pekee: hewa ikiwa na unyevu hubeba maji ndani ya fuwele yenyewe na ujazo wake huongezeka zaidi ya mara tatu, na nafasi hiyo huipata kwa kusukuma kuta za kinyweleo.

Kinachovunja kitu ni kuvuka mpaka huo huku na huko. Ghala linalopanda na kushuka kati ya 70 na 80 litabomoa chungu chenye chumvi ya kawaida upesi kuliko ghala linalocheza kati ya 45 na 60, japo la pili ndilo lenye mtikisiko mkubwa zaidi kwa tarakimu. Ndiyo sababu ushauri wa "kausha tu" haunitoshelezi. Ukishusha unyevu kwa ghafla kwenye kitu kilichozoea unyevu, unaiita chumvi yote itoke kwa pamoja. Shusha polepole, kwa wiki kadhaa.

Kwa vitendo, kutuliza maana yake ni boksi la plastiki ya polipropilini lenye mfuniko unaobana, silika jeli (punje zinazonyonya na kuachia unyevu) iliyoandaliwa kwa kiwango unachokitaka, na kipimaunyevu kidogo kinachosomeka bila kufungua. Faida yake kubwa: hakuna unachokifanya kwenye kitu ambacho huwezi kukitengua, na unaweza kuhifadhi vitu hamsini kwa wakati mmoja. Hasara: chumvi bado imo. Siku mfuniko ukisahauliwa wazi, au silika ikachoka bila mtu kuona, unaanza upya. Na vitu vingi vina chumvi za mchanganyiko, ambazo huanza kulowa chini ya kiwango cha kila moja peke yake, kwa hiyo hakuna tarakimu moja ya kuandika mlangoni.

Kuloweka kunaitoa chumvi yenyewe. Kitu kinazamishwa kwenye maji yaliyoondolewa madini, maji yanabadilishwa, na kila kabla ya kubadilisha unapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, maana chumvi ikizidi ndani yake upitishaji nao huzidi. Siku za mwanzo tarakimu hupanda kwa kasi, kisha mstari unalala. Ukishalala, simama. Si lazima ufike sifuri, na kila siku ya ziada majini ni siku ya kulainisha udongo uliochomwa vibaya. Wapo wanaotegemea nitreti ya fedha: tone moja kwenye maji yaliyotiwa asidi ya nitriki kidogo, na wingu jeupe likionekana, kuna kloraidi. Ni jaribio zuri na la kufurahisha kulitazama, lakini halikuambii lolote kuhusu nitreti na salfeti. Mita ya upitishaji inaona zote bila kuzitenganisha. Tumia vyote viwili.

Wenye mitungi iliyozibwa kwa jasi wajiandae kwa mita inayowadanganya. Jasi huyeyuka kiasi cha gramu 2 na kitu kwa lita, polepole, na itaendelea kulisha maji yako salfeti siku zote. Mstari haulali kamwe, nawe unaendelea kuloweka ukidhani chungu ndicho kichafu. Kiraka hicho cha jasi kitolewe kwanza, au njia hii iachwe.

Na kuna vitu ambavyo havipaswi hata kusogezwa karibu na beseni: udongo usiochomwa, rangi iliyopakwa baada ya kuchomwa, vigae vilivyoandikwa kwa wino, vyungu vilivyounganishwa kwa gundi ya wanyama, glezi iliyokwisha kuinuka. British Museum huko London kwa miaka mingi ilivichoma kwenye tanuri vibao vya udongo vya maandishi ya kikabari (maandishi ya kale yenye alama za umbo la kabari) ili viweze kustahimili maji ya kuondolea chumvi. Ni suluhisho lililofanya kazi, ila kibao kilichochomwa si tena udongo mbichi ulioandikwa na mkono wa kale, na hakuna namna ya kukirudisha kilivyokuwa. Hilo nalifikiria kila ninapomwona mtu anajaza beseni.

Hasara nyingine ya maji haionekani kwa macho. Ndani ya kuta za chungu cha kupikia kunaweza kuwa na mabaki ya mafuta, wanga na vyakula vya waliokitumia. Kuloweka huyapunguza au kuyavuruga. Kama kuna uwezekano mtafiti atayataka, sampuli ichukuliwe kabla, au chungu kimoja cha kila kundi kiachwe bila kuoshwa.

Kwa hiyo nachagua hivi. Chungu kigumu kilichochomwa vizuri, hakina rangi ya juu, hakina viungo vya zamani, na kitasafiri kwenda maonyeshoni ambako hewa huwezi kuitawala: loweka. Vingine vyote: tuliza unyevu, na uwe mvumilivu. Wahifadhi wa kizazi kilichopita walipenda kuloweka kila kitu, nami nadhani walipoteza zaidi ya walichookoa, ingawa wapo ninaowaheshimu wasiokubaliana nami.

Bandiko

Hii ni njia ya kati, kwa kitu kisichoingia kwenye beseni: jiwe kubwa la kaburi, mtungi wa kimo cha mtoto, kipande cha ukuta wenye michoro. Unachanganya nyuzi za karatasi au udongo mweupe wa kaolini na maji yaliyoondolewa madini, unatanguliza karatasi nyembamba kwenye uso, unabandika tope hilo na kuliacha likauke. Maji huingia kwanza na kuyeyusha chumvi, kisha yanapokauka kuelekea nje huibeba hadi kwenye bandiko. Linafanya kazi vizuri kwenye tabaka la karibu na uso. Likikauka mapema mno, au likiwa na vinyweleo vikubwa kuliko vya jiwe, halivuti kitu, na maji uliyoyaingiza yameisukuma sehemu ya chumvi ndani zaidi. Jaribu sehemu ndogo isiyoonekana, upime bandiko lililokauka kwa kulitia majini na kusoma mita.

Kubadilisha kabati

Kama pua ilikuambia siki, yote ya juu yanasubiri. Unaweza kuosha kombe likawa jeupe na safi, ukilirudisha kwenye droo ile ile litaanza kuliwa upya.

Na hapa ndipo njia zinapogombana. Boksi linalobana, lililookoa chungu chako, ni mtego likiwa na kipande cha mbao ndani, kwa kuwa mvuke hauna pa kwenda. Nimeona trei ya makombe iliyokaa vizuri kwa miaka kwenye droo kuukuu zenye nyufa, kisha ikapauka ndani ya mwaka mmoja baada ya mtu mwema kuziba nyufa zote kwa mpira ili vumbi lisiingie. Silika jeli haikusaidia sana, ilikuwa pale kwa ajili ya unyevu. Mkaa maalumu wa kunasa mvuke husaidia, lakini hujaa na lazima ubadilishwe.

Mwaloni mkuukuu haujafa. Hutoa mvuke kidogo kuliko mbichi, lakini hutoa kwa miongo. Plaiwudi na mbao za unga uliogandamizwa huongeza mvuke wa gundi zake. Hata silikoni ya kuzibia inayonuka siki inapokauka haifai ndani ya kabati la makumbusho. Chuma kilichopakwa rangi ya unga na kuokwa vizuri ndilo chaguo langu bila kusita. Kama bajeti hairuhusu, funika mbao kwa karatasi yenye tabaka la aluminiamu. Vanishi peke yake hupunguza tu.

Kwa kupima kabla ya kununua kuna jaribio la Oddy, lililobuniwa British Museum mwaka 1973: kipande cha mbao, kitambaa au rangi unayotaka kutumia kinafungiwa kwenye chupa na vipande vya fedha, shaba na risasi, pamoja na maji kidogo, kwa nyuzi 60 za selsiasi na siku 28. Metali zikipauka, bidhaa hiyo haiingii ghalani. Kwa kabati ulilonalo tayari, vipo vijikaratasi vya kutambua asidi vinavyotoka buluu kwenda kijani hadi njano. Unavilaza kwenye droo na kuvisoma siku inayofuata au chache baadaye.

Kombe lenyewe, likishahamishwa, lifagiwe, na kama halina rangi zinazolegea lisuuzwe kwa maji yaliyoondolewa madini ili asetati iliyobaki isiendelee kunyonya unyevu, kisha likaushwe kabisa. Mng'ao uliopotea umepotea.

Kwa anayetaka kuweka yote sambamba:

| Njia | Inatibu nini | Inafaa | Inakudanganya wapi |
|---|---|---|---|
| Brashi kavu | Kilichokwisha kutoka | Uso mgumu, hatua ya kwanza | Unaona usafi, chumvi bado imo |
| Kutuliza unyevu | Mwendo wa chumvi | Vitu vingi, vitu dhaifu | Boksi lenye mbao ndani |
| Kuloweka | Chumvi yenyewe | Chungu kilichochomwa vizuri | Jasi, rangi, gundi za zamani |
| Bandiko | Chumvi ya karibu na uso | Vitu vikubwa | Kusukuma chumvi ndani |
| Kubadilisha kabati | Chanzo cha mvuke | Makombe, mayai, chokaa, risasi | Chumvi ya ardhini haiguswi |

Metali nimeziacha pembeni kwa makusudi. Unga wa kijani hafifu kwenye shaba nyeusi, au matone ya kahawia kwenye chuma cha kale, vyote ni kazi ya kloraidi, lakini hapo metali yenyewe inaliwa. Weka kwenye boksi kavu kadiri uwezavyo, chuma kikavu kuliko shaba, umwite mhifadhi. Usikiloweke kwa maji matupu.

Jambo moja la mwisho ninalolifanya kwa kila kitu, njia yoyote niliyochagua: karatasi nyeusi chini yake, yenye tarehe kwenye kona, na picha moja kila mwezi. Unga mpya hauwezi kujificha juu ya karatasi nyeusi. Mtungi wangu wa shingo iliyochorwa sikuuloweka, kwa sababu rangi ile ilipakwa baada ya kuchomwa, nao umo kwenye boksi lake karibu na asilimia 50. Mara ya mwisho niliibadilisha karatasi yake kwa sababu ilikuwa imepauka kwa mwanga wa taa.